Disparu Si Marehemu

Mwishoni mwa mwezi wa kumi, mwaka wa 1996, nilimpoteza mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Ninaandika "nilimpoteza" kwa sababu ndilo neno ninaloweza kulisimamia. Siandiki kwamba alikufa. Watu wengi wamenishauri niandike hivyo, wengine kwa upole, wengine kwa kuchoshwa na mimi, na wote nimewajibu neno moja: nileteeni aliyeona.

Mimi mwenyewe sikuona kitu. Nilikuwa Kamembe, upande huu wa mto unaotutenga na Kongo, nikisikiliza mizinga ikilia Bukavu kama mtu anayeburuta makabati sakafuni. Sisi ni Wanyarwanda tuliozaliwa kule. Wazazi wetu walivuka zamani, wakatuzaa na kutulea kwa wenyeji, tukawa na Kiswahili cha Kivu midomoni kabla ya Kinyarwanda. Mimi na mume wangu tulikuwa tumerudi huku Kamembe, mkoani Cyangugu, mwaka mmoja kabla. Mama alibaki Bukavu kwa dada yetu mkubwa, aliyeolewa na Mushi, mtu wa kabila la wenyeji wa kule. Mdogo wetu alibaki kwa ajili ya kazi, kwani alikuwa fundi katika gereji ya magari makubwa na mikono yake haikuwahi kutakata mafuta.

Vita vilipoingia mjini, mwenye gereji aliogopa lori lake lisichukuliwe na askari. Akamtuma dereva na mdogo wangu walitoe. Walifuata barabara ya Kavumu, kisha wakapanda milimani upande wa Bunyakiri, pamoja na umati uliokuwa ukikimbia.

Dereva alirudi baada ya muda mrefu, amekonda, miguu imejaa vidonda. Nilivuka kwenda kumwona, naye alinieleza akitazama chini.

"Nilimwacha muzima, maman. Gari ilizimika, yeye akashuka na bidon kuchota maji ya radieta. Bantu bakaanza kukimbia, na mimi nikakimbia. Sikumwona tena."

"Ulisikia risasi?"

"Risasi zilikuwa kila pahali."

"Ulimwona ameanguka?"

"Hapana. Nilimwona ameinama ku maji."

Huo ndio ushahidi wote tulio nao mpaka leo, na ndani yake hakuna maiti. Kuna kijana aliyeinama mtoni na dumu. Mtu akitaka nimwite huyo marehemu, atanipa sababu.

Sikuvaa nguo ya msiba. Sikukaa chini kupokea pole. Jirani zangu wa Kamembe waliona ni kiburi, na huenda walikuwa sahihi, lakini kama ni kiburi ndicho kilichonisimamisha. Nililia nikiwa peke yangu, nikichambua mchele, kwa sababu mtu anayechambua mchele hainui uso na hakuna anayemwuliza kitu.

Shule yangu iliishia mwaka wa tatu wa sekondari, kisha nikajifunza kupiga chapa kwa masista. Kazi hiyo ya vidole ndiyo iliyonipa mkate baadaye, vita vya pili vya Kongo vikiwa bado havijaisha, kamati moja ya makanisa ilipofungua kituo kidogo Kamembe, juu ya soko. Kituo kiliandika matangazo ya watu waliokuwa wakiwatafuta jamaa zao. Kabla ya hapo matangazo hayo yalibandikwa kwenye kuta za makanisa, na mvua ya kwetu unaijua, ilikuwa ikiyaosha majina yakabaki madoa ya bluu. Sasa tungeyaweka kwenye tovuti. Kulikuwa na kituo kingine Bukavu na kingine Bujumbura, kila kimoja na tovuti yake, na makubaliano yalikuwa kwamba kinachoandikwa mahali pamoja kisomeke kote.

Tuliajiriwa wanawake wawili. Mwenzangu alikuwa mke wa mchungaji, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, aliyevuka daraja kutoka Bukavu kila asubuhi. Wote tulimwita Maman Pasteur. Aliyetufundisha alikuwa kijana aliyelelewa Bujumbura na kusomea kompyuta Butare. Tulimwita Enjinia, akakataa, tukaendelea.

Siku ya kwanza alituambia kwamba kazi yetu haitakuwa kuandika matangazo tu, itakuwa kuandika metadata.

"Meta nini?" akauliza Maman Pasteur.

"Metadata. Ni maelezo yanayoelezea maelezo mengine."

"Enjinia, wewe ulikula asubuhi?"

Alicheka, akatafuta njia nyingine. Alikuwa amepitia Bugarama juma lile, akatuuliza kama tumewahi kuona maghala ya mchele kule. Nani asiyeyajua? Akasema, gunia likitoka kinuni huwa limeandikwa kwa nje: mchele wa aina gani, wa mavuno yapi, umekobolewa wapi. Mnunuzi hafungui kila gunia. Anasoma kwa nje, na kwa sababu vinu vyote vinaandika mambo yaleyale, mahali palepale, anaweza kulinganisha gunia la huku na la kule. Kila tangazo letu ni gunia. Metadata ni yale maandishi ya nje. Na wakubwa wa dunia wa mambo ya maktaba wamekwisha kukubaliana ni nini kiandikwe, ili tovuti moja isiseme "jina" na nyingine "mtu" na ya tatu "nani", halafu mashine zisielewane. Makubaliano hayo ndiyo yanayoitwa kiwango.

Nilielewa. Nilielewa hata zaidi ya alivyodhani, kwa sababu nilikuwa nimewahi kusimama mbele ya ukuta wa kanisa uliojaa karatasi, kila moja imeandikwa kivyake, nikisoma zote kutoka juu hadi chini nikitafuta mtu mmoja.

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na visanduku vya kujaza: Kichwa, Mada, Maelezo, Tarehe, Lugha, Mahali. Vilikuwa kwa Kifaransa. Ugomvi wa kwanza ulitokea kwenye kisanduku kilichoitwa Créateur, neno ambalo pia ni Muumba.

Maman Pasteur aliondoa mikono kwenye kibodi. "Hapa sigusi."

"Ni rahisi, maman. Nani aliyeandika tangazo hili?"

"Muntu mumoja wa Mururu."

"Basi huyo ndiye créateur. Weka jina lake."

"Huyo ni mwandishi. Créateur ni mumoja na iko mbinguni. Mimi sitamwandika muntu wa Mururu pahali ya Mungu."

"Maman, kompyuta haisali."

"Njo maana nasali mimi."

Enjinia alidhani jambo limekwisha. Baada ya muda Bujumbura waliandika kwa adabu kuuliza ni nani huyu bwana Mungu, mkazi wa Kamembe, ambaye ametoa matangazo mengi kiasi hicho. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Enjinia akafuta neno Créateur kwenye kioo chetu akaandika "Mtoa tangazo", huku ndani ya mashine kisanduku kikibaki kilekile kwa ajili ya wenzetu. Maman Pasteur akaridhika. Alisema mambo ya ndani ya mashine Mungu atayahukumu mwenyewe.

Nimeeleza kicheko hicho kwa sababu kilichofuata hakikuchekesha.

Palikuwa na kisanduku cha Hali ya mtu. Hapo hukuandika utakavyo, ulichagua neno kwenye orodha fupi waliyokubaliana vituo vyote vitatu: présent, disparu, retrouvé. Yupo, amepotea, amepatikana. Enjinia alieleza kwamba ndiyo faida yenyewe. Kila mtu akiandika kwa maneno yake, anayetafuta hapati kitu. Nilikubaliana naye. Basi, nilipomaliza kuingiza ya wengine, niliingiza ya mdogo wangu. Jina lake, umri wake, kazi yake, gereji, barabara ya Bunyakiri. Kwenye Hali nikachagua disparu. Kwetu sisi neno hilo lilisema kupotea, basi. Mbuzi anaweza kuwa disparu asubuhi na jioni akarudi.

Lakini Bukavu walikuwa na kazi moja zaidi. Watu wao wengi hawakuwa na kompyuta, hivyo walichapisha majina kutoka kwenye tovuti, wakageuza maneno ya Kifaransa kwa Kiswahili, na karatasi zikasomwa makanisani baada ya misa. Na Bukavu, kwenye matangazo ya vifo ya redio, Kifaransa cha heshima hakisemi mtu amekufa. Kinasema "mpendwa wetu disparu". Aliyegeuza pale alikuwa amesikiliza redio hiyo maisha yake yote. Kila palipoandikwa disparu, yeye aliandika marehemu.

Shemeji yangu, mume wa dada, alinipigia simu kituoni. "Pole sana, maman. Tuko na matanga hapa. Jina ya mtoto imesomwa kanisani jana. Kuja."

"Imesomwa na nani?"

"Imetoka ku kompyuta."

Nilivuka daraja mchana uleule. Uani kwa dada yangu walikuwa wamekwisha kutandaza turubai. Wanawake walikaa kwenye mikeka, masufuria ya maharagwe yalikuwa motoni, na wanaume wa gereji, wale waliofanya kazi na mdogo wangu, walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mama alikuwa ndani, chini, kwenye godoro lililowekwa sakafuni. Alikuwa amenyoa nywele. Sikuwahi kukiona kichwa cha mama yangu kikiwa hakina nywele, na kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri.

Alikuwa amelala usingizi.

Nikamvuta shemeji nyuma ya jiko. "Nani amesema amekufa?"

"Nimekuambia, ni kompyuta."

"Shemeji, hiyo kompyuta ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika, na sikuandika hivyo."

Nilimweleza habari ya lile neno. Alielewa upesi, si mjinga. Akakaa juu ya jiwe la kufulia, akajifuta uso kwa kofia.

"Sawa, neno lilikosewa. Lakini sikiliza. Huyu maman, toka ile vita, hakulala. Dada yako anajua. Mulango ukigonga, anasimama. Mbwa akilia, anasimama. Jana amelia mpaka sauti ikaisha, halafu akalala. Unamwona? Analala kama mtoto. Wewe unataka kumwamusha umwambie nini?"

Alikuwa akisema kweli, na alimpenda mama yangu kuliko wakwe wengi wanavyopenda. Ningeweza kunyamaza. Watu wangekula, wangerudi kwao, siku ya kuondoa matanga ingefika, na mama angekuwa mjane wa tumaini lake, amelizika na kupumzika. Mimi peke yangu ningejua kwamba tumemzika mtu kwa kosa la tafsiri.

Sikuweza. Si kwa sababu nilikuwa na tumaini kubwa kuliko wao. Ni kwamba siwezi kumwachia mtu uongo aulalie, hata kama ni laini.

Mama alipoamka nilikaa karibu naye. Wanawake wawili watatu walikuwepo ndani, na dada yangu mlangoni.

"Mama, neno lilisomwa vibaya. Kule kwetu limeandikwa amepotea. Hakuna aliyeandika amekufa."

Alinitazama. "Kwa hiyo yu hai?"

"Sijui, mama."

"Amekufa?"

"Sijui."

"Basi umevuka mto kuniletea nini?"

"Nimekuletea hiyo sijui. Ndiyo yako. Wamekunyang'anya."

Aligeukia ukutani. Mmoja wa wale wanawake akapiga ulimi. "Mwangalie huyu. Ameingia na viatu ku matanga ya mama yake."

"Amesoma sana," akasema mwingine.

"Kama angesoma sana angenyamaza," akasema wa kwanza.

Kweli nilikuwa na viatu. Nikavivua nikabaki nimekaa. Mama hakunigeukia. Nje niliwasikia wanaume wa gereji wakiulizana kama ni halali kula chakula cha matanga ambayo hayajulikani ni ya nani, na shemeji akiwaambia wale tu, maharagwe hayana kosa. Nilirudi Kamembe kabla mpaka haujafungwa. Mama hakuniaga.

Kituoni nilikuta si sisi peke yetu. Mwanamke mmoja alikuwa ametembea kutoka Mibirizi. Mumewe alikuwa ametangazwa vilevile, habari ikamfikia ndugu wa mume aliyekuwa Bukavu kuuza ndizi, naye akairudisha kijijini. Walipomaliza kulia, ndugu waligawana shamba la kahawa. "Wamechimba mipaka tayari," alisema. "Walininyoa nywele. Leo ninyi mnaniambia ni Kifaransa?"

Enjinia hakujitetea, na kwa hilo ninamheshimu. Alisema kosa haliko Bukavu peke yake. Vituo vyote vitatu vilikubaliana juu ya maneno matatu, lakini havikuandika popote maana ya kila neno. Kiwango kinataka neno lisafiri pamoja na maana yake, kama dawa na karatasi yake. Tulituma dawa bila karatasi.

"Basi tubadilishe neno," nikasema. "Hilo mimi silitumii tena."

Tukakaa kutafuta jingine. Yeye akataja *recherché*, anayetafutwa.

Maman Pasteur akaruka. "Recherché ni mwenye anatafutwa na baaskari! Weka hiyo, na akirudi bamufunge ku mpaka."

"*Inconnu*, basi. Haijulikani."

"Batu basiojulikana ni bale banakujaka na bunduki. Wewe unaishi nchi gani?"

"*Absent?* Hayupo?"

"Yuko shuleni?"

"*Perdu*, aliyepotea," akasema Enjinia, sasa akiwa amechoka.

Hapo Maman Pasteur alifikiri kidogo, akamkumbuka kondoo wa Injili, akakubali kwa wanaume. Kwa wanawake alikataa kabisa. Mwanamke aliyeandikwa perdue, kama aliyepotoka, alisema, hakuna mume atakayempokea tena, hata apatikane akiwa na Biblia mkononi.

Mimi nilikuwa na neno langu tangu nilipovuka daraja kurudi. "Andika *anangojewa*."

Enjinia alitikisa kichwa. Hakukataa kwa dharau, alikuwa akifikiri. "Dada, hiyo si habari ya yule mtu. Kisanduku kinauliza hali yake. Wewe unajibu hali yenu."

"Ndiyo. Ya kwake hatuijui. Ya kwetu ndiyo tunayoweza kuapia."

"Na Bujumbura watalitafutaje? Neno lisilojulikana na wenzako ni sawa na hujaandika."

Hapo alikuwa na haki, nikamwambia hivyo. Neno zuri ambalo limebaki kwenye kioo kimoja cha Kamembe lingekuwa karatasi nyingine ukutani, ikingoja mvua. Nilikuwa nimeingia katika kazi hii ili vituo visomane, nisingekuwa wa kwanza kukiziba kituo changu masikio.

Wakaandikiana. Mtandao ulikuwa ukishuka kutoka kwenye sahani iliyokuwa juu ya bati, na mawingu yakija kutoka msitu wa Nyungwe tulikuwa tunakaa kama watu wasio na midomo. Mara nyingine Maman Pasteur alibeba disketi ndani ya kanga, akavuka nayo daraja, na jibu likarudi asubuhi ndani ya kanga ileile. Bukavu walisikitika sana, kisha wakasita. Bujumbura walisema rekodi zao zote za zamani zina neno disparu na haliwezi kung'olewa. Mwishoni neno la Kifaransa lilibaki ndani ya mashine. Lakini lilipewa maana iliyoandikwa, inayosafiri nalo popote liendapo: mtu ambaye jamaa zake hawajui alipo, na hakuna aliyethibitisha kifo chake. Na kwa Kiswahili, kwenye kioo na kwenye karatasi za makanisani, kote Bukavu, Bujumbura na kwetu, liliandikwa anangojewa.

Sikulipata lote nililotaka. Nililipata lile lililosomwa kwa sauti.

Kikabaki kisanduku cha Tarehe. Mashine ilikuwa haipokei tangazo lisilo na tarehe ya mwisho wa habari, siku mtu alipopatikana au alipokufa; hadi hapo tulikuwa tukiijaza kwa siku ya kuandika. Enjinia aliifungua iweze kupokea utupu, na katika yale makubaliano wakaongeza kwamba kisanduku kitupu maana yake ni haijulikani, si kwamba mwandishi alisahau. Hilo halikumpendeza katibu wa kamati, mzee mwenye tai aliyekuja kutazama kazi. Alipitisha kidole kwenye kioo.

"Mbona hapa wazi? Na hapa? Wafadhili wataona hamfanyi kazi. Wekeni hata mwaka wa vita."

"Vita gani, mzee?" nikamwuliza.

"Yoyote iliyo karibu."

"Hatujui, mzee."

"Mama, tarehe ni tarehe tu. Haitamuua mtu."

"Neno tu limekwisha kuua. Kama unataka ijazwe, kaa hapa uijaze wewe, halafu uweke jina lako mahali pa Mtoa tangazo."

Maman Pasteur akaanza kukohoa ndani ya kanga yake. Enjinia alitazama dirishani. Mzee alinikodolea macho muda, nami sikuangusha yangu. Nilikuwa mwanamke wa mwaka wa tatu wa sekondari mwenye kazi ya kupoteza, na nilijua. Alisema atalipeleka jambo hilo kwenye kikao. Sijui kama alilipeleka. Visanduku vilibaki vitupu.

Bukavu walisoma masahihisho makanisani, Jumapili baada ya Jumapili. Yule mwanamke wa Mibirizi tulimpa karatasi yenye maana ya neno, akaenda nayo kwa viongozi wa kijiji. Alirejeshewa sehemu ya kahawa, si yote. Shemeji yake mmoja alimwambia kwamba karatasi haina miguu ya kuja kuchimbua mipaka. Bado anadai.

Mama hakunisemesha msimu mzima wa mvua. Nilivuka kila nilipoweza, nikabeba mchele, dada akaupokea. Mama alikuwa ananipa kiti kama anavyompa mgeni. Nilimwuliza dada kama analala. Dada akasema siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Niliibeba hiyo pia nikirudi darajani. Sikujuta, lakini niliibeba.

Kisha asubuhi moja, kituo kikiwa kimejaa watu, nikamwona mlangoni na dada. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, nyeupe zote. Alikuwa amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Hakunisalimu kwanza. Alisubiri zamu yake kwenye benchi kama wengine, na Maman Pasteur alipotaka kumpitisha mbele akakataa.

Zamu yake ilipofika alikaa kwenye kiti kilicho mbele ya meza yangu.

"Ni hapa mulimwandika?"

"Ni hapa, mama."

"Nisomee."

Nikafungua. Nilimsomea jina, umri, kazi. Nilimsomea gereji na barabara. Nilipofika kwenye Tarehe nikasema, "Hapa hakuna kitu."

"Vizuri. Endelea."

"Hali: anangojewa."

Mkono wake ulikuwa juu ya meza yangu, karibu na kibodi, na niliona ameukunja.

"Nililia," akasema. "Sitasema sikulia. Matanga nilifanya, na nywele nilinyoa, siwezi kuvirudisha. Akikuja atakuta nimemaliza kumlilia. Atacheka, namjua." Akanyoosha kidole kuelekea kioo. "Lakini hiyo neno yako haijaisha. Anangojewa na nani?"

Nilimwambia kisanduku kile kinapokea neno moja tu, hakiruhusu kuongeza.

"Hakuna pengine?"

"Kuna pa Maelezo."

"Andika pale."

Nikaandika, naye akitazama vidole vyangu: *Anangojewa na mama yake, Kadutu, Bukavu.* Nikamsomea. Akaniambia niondoe Bukavu, kila muntu anajua Kadutu iko wapi. Nikamweleza kwamba anayesoma huenda yuko mbali sana, huenda ni mtu asiyewahi kufika kwetu. Akafikiri, akasema basi niiache.

Nilibonyeza. Siku hiyo mbingu zilikuwa wazi, na ukurasa ukafunguka upesi. Mama alitazama maandishi asiyoweza kuyasoma, kisha akageuka kutazama benchi.

"Kuna mwingine anangoja?"

"Wako wengi, mama."

Akainuka, akashika bega langu kidogo kujiegemeza, akampisha aliyefuata.